Chapa Ndogo Kwenye Kijiko cha Susu

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii niliikariri tangu shule ya msingi, lakini sikupata kuionja maana yake hadi siku ile tulipofungua sanduku la bati la marehemu Susu, nyanya yangu mzaa mama, huko Ikutha, kusini mwa Kitui.

Matanga yalikuwa yamekwisha na wageni wamerudi makwao. Ndani ya sanduku mlikuwa na leso tatu, Biblia ya Kikamba iliyochakaa, na furushi la kitambaa lililofungwa kwa uzi. Katika furushi hilo tulikuta kijiko kikubwa cha kupakulia, kinachong'aa kama kioo. Kijiko kidogo cheusi, utadhani kimeokotwa jivuni. Na mkufu wa sarafu kuukuu zilizotobolewa.

Habari haina miguu lakini hufika. Siku ya pili tu alitutembelea bwana mmoja mwenye pikipiki, ambaye huzunguka masoko ya Ikutha na Mutomo akinunua vitu vya kale. Alivigeuza vitu vile mkononi, akakisifu sana kijiko kikubwa, kisha akasema atachukua furushi lote kwa shilingi elfu sita. Niligundua jambo moja: mdomo wake ulikuwa ukisifu kijiko kikubwa, lakini mkono wake haukukiachilia kile cheusi.

Msomaji, elfu sita si haba. Mtoto wa dada yangu alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, na dada alikuwa ameanza kupiga hesabu kwa vidole. Lakini Mama Mkubwa, kifungua mimba wa Susu, alikataa. Alisema kijiko kikubwa ni zawadi ambayo nyanya yake Susu alipewa na wazungu wa misheni ya Ikutha wakati wa yua ya Ngomanisye, ile njaa kuu ya mwaka 1898 na 1899, kwa kuwachotea maji mtoto wao alipougua. "Utauzaje maji ya nyanya yetu?" aliuliza. Hapakuwa na wa kumjibu.

Basi wote wakanigeukia mimi. Ujanani mwangu nilifanya kazi katika duka la sonara mmoja mjini Mombasa, nikifagia na kuvukuta moto, na mzee yule alinifundisha kusoma chapa. Nikaomba juma moja.

FEDHA INA CHETI CHAKE

Watu wengi hawajui kwamba chombo cha fedha halisi, hasa cha Uingereza, hubeba cheti chake mgongoni. Fedha tupu ni laini mno, kwa hiyo huchanganywa na shaba kidogo. Kiwango cha Waingereza ni sehemu 925 za fedha katika kila 1000. Ili mnunuzi asidanganywe, chombo hupelekwa kwanza katika ofisi ya upimaji, na kikifaulu hugongwa chapa ndogo ndogo.

Simba anayetembea huthibitisha kiwango hicho. Chapa hiyo imetumika tangu mwaka 1544. Chapa nyingine hutaja mji wa ofisi: kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham, ambako upimaji ulianza mwaka 1773, na taji lilikuwa la Sheffield hadi miaka ya 1970. Kisha huja herufi za jina la fundi, na mwisho herufi moja ya mwaka. Herufi hii ndiyo kalenda. Kila mwaka hubadilishwa, na alfabeti ikiisha huanzwa upya kwa umbo jingine la herufi au la ngao yake. Kwa hiyo haitoshi kusema "naona A". Lazima uitazame ni A ya namna gani, imo katika ngao ya namna gani, na ya mji upi.

Nilikikalia kijiko kikubwa kibarazani na kioo cha kukuzia. Mgongoni mlikuwa na ngao nne zilizojipanga vizuri. Moyo ulinidunda. Lakini nilipozisoma, sikuona simba wala nanga. Ngao ya kwanza ilikuwa na E, ya pili P, ya tatu N, ya nne S.

Hizo si chapa za upimaji. Ni herufi za maneno ya Kiingereza yanayoeleza kwamba chombo ni mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, kikavishwa utando mwembamba wa fedha kwa nguvu za umeme. Ufundi huo ulipewa hataza ya kampuni ya Elkington ya Birmingham mwaka 1840, na mafundi wengi walipenda kuzipanga herufi zao ndani ya ngao zinazofanana na chapa halisi. Nilipotazama sehemu inayogusa meza, utando ulikuwa umelika na rangi ya manjano imechungulia. Mkakasi ndio huo!

KIJIKO CHEUSI

Nilishika kile cheusi bila tumaini kubwa. Nilikiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nikakikausha kwa kitambaa laini. Kwenye mpini vikatokea vitu vitatu: mwezi mwandamo, taji dogo, na tarakimu 800.

Hiyo ni chapa ya Ujerumani. Sheria yao ya mwaka 1884, iliyoanza kufanya kazi mwaka 1888, iliweka mwezi na taji kuwa alama ya fedha, na tarakimu ieleze kiwango: hapa sehemu 800 kwa 1000. Weusi haukuwa aibu yake. Fedha husawijika ikipatwa na moshi na hewa yenye salfa, na sanduku la Susu lilikaa miaka mingi karibu na mafiga.

Wajerumani hawakuweka herufi ya mwaka. Kwa hiyo kijiko kiliniambia tu kwamba hakikutengenezwa kabla ya sheria ile. Lakini hapo nilisimama ghafla. Misheni ya Ikutha katika miaka ya 1890 haikuwa ya Waingereza. Ilikuwa ya Walutheri wa Leipzig, Ujerumani, waliofanya kazi huko na Mulango hadi vita vya 1914 vilipowakatiza.

Nilimwita Mama Mkubwa nikamweleza pole pole. Nilimwambia kwamba hadithi ya nyanya yake sikuweza kuithibitisha kwa kijiko, wala chapa haikuikanusha. Lakini kama kuna kijiko katika furushi lile kinachoweza kuwa chake, ni hiki cheusi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Kile kikubwa Susu alikuwa akikisugua kwa jivu kila Krismasi. Hiki alikuwa hataki mtu akiguse. Sisi watoto tulidhani zawadi ya mzungu lazima ing'ae."

SARAFU NAZO ZINASEMA

Mkufu ulikuwa na rupia mbili za Uhindi zenye kichwa cha Malkia Victoria, na shilingi mbili za Afrika Mashariki zenye simba mbele ya milima. Rupia zile zilikuwa fedha ya uhakika, zaidi ya sehemu 900 kwa 1000, nazo ndizo zilizotumika nchini kabla shilingi haijaingia mwaka 1921. Shilingi moja ilikuwa ya 1924, na nyingine ya 1950. Kwa macho ni pacha, ila ya kwanza ina robo ya fedha. Kuanzia zile za 1948 hamna fedha hata chembe, ni shaba na nikeli tu. Chini yake huweza kuwa na herufi ndogo za kiwanda: H ni Heaton wa Birmingham, I ni Bombay, SA ni Pretoria.

Onyo moja. Mwaka ulioandikwa si mwaka wa kuzaliwa sikuzote. Ile riale kubwa ya Maria Theresa, iliyopendwa sana pwani na Uhabeshi, huandikwa 1780 siku zote, ingawa iliendelea kupigwa mpaka karne ya 20 huko Vienna, Roma, London na kwingineko. Anayekuambia kila riale ya 1780 ina umri wa miaka mia mbili na zaidi, hajui au hataki ujue.

NG'AMBO YA MTO ATHI

Kumbe kazi ilikuwa bado. Binamu yangu wa Makindu, mtoto wa marehemu Mjomba, aliposikia habari alinipigia simu. Yeye alirithi kikombe kidogo cha Umau, babu yetu, na alitaka nikisome. Nikapanda matatu, tukavuka mto Athi, tukaingia Makueni kupitia Kibwezi.

Binamu alikuwa ameuambia ukoo mzima kuwa Umau alipewa kikombe hicho kwa kujenga reli. Nilikigeuza: nanga, simba, herufi K, na kando yake vichwa viwili, cha mwanamume na cha mwanamke. Vichwa hivyo ni vya Mfalme George wa Tano na Malkia Mary, chapa ya hiari iliyowekwa kuadhimisha miaka 25 ya ufalme wake mwaka 1935. K ile ya Birmingham ni ya mwaka wa upimaji wa 1934 hadi 1935. Reli ilikwisha kupita hapa Ukambani kabla ya kufika Nairobi mwaka 1899.

Nilipomwambia, uso ulimbadilika. "Kwa hiyo unamwita Umau mwongo, ndani ya nyumba ya mwanawe?"

Nilikuwa sina jibu la heshima. Nikampigia Mama Mkubwa, nikaweka simu mezani tusikie sote. Akacheka. "Umau hakusema kujenga. Alisema reli. Alikuwa akifanya kazi stesheni ya Makindu, na karani mmoja alipohamishwa alimwachia kikombe. Kujenga mmeongeza ninyi watoto wa kiume."

Binamu alikishika kikombe muda mrefu. "Basi nitaandika hivyo," akasema. Akachukua kalamu na daftari la mtoto wake.

Hapo ndipo nilipojifunza somo ambalo sonara wa Mombasa hakunifundisha. Chapa hueleza kitu kilipimwa wapi na lini. Haielezi kilivukaje bahari wala ni mkono gani ulikitoa. Hayo yamo vinywani mwa wazee. Chapa bila mzee ni nusu ya habari, na mzee bila chapa anaweza kupewa kijiko kisicho chake.

TULICHOFANYA

Bwana wa pikipiki alirudi siku ya saba. Nikamwambia: "Ndugu, kijiko kikubwa ulichokisifu ni chako kwa elfu sita. Hivi vingine vinabaki." Alicheka kwa haya, akapiga teke pikipiki yake, akaenda zake. Karo ilipatikana kwa mchango wa ukoo, na mbuzi wa kwanza kuuzwa alikuwa wa binamu wa Makindu.

Nawasihi wasomaji wenye masanduku ya wazee: msisugue vitu hivyo kwa mchanga, jivu wala sufi ya chuma, kwa maana chapa ni nyembamba na ikifutika cheti kimepotea. Someni kwa kioo cha kukuzia wakati wa mchana. Tarakimu 90 au 100 katika vijiko vya Kijerumani isiwahadae. Mara nyingi hutaja gramu za fedha zilizovishwa dazeni za vijiko na uma, si kiwango cha ndani. Tena Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 huhesabu kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa cha kale, na kukipeleka nje kunahitaji kibali. Kwa hiyo kujua mwaka si mchezo wa wataalamu tu.

Na zaidi ya yote, ulizeni mapema. Kijiko cheusi cha Susu sasa kimo kwa Mama Mkubwa, ndani ya kitambaa safi pamoja na karatasi yenye hadithi yake. Kile kikubwa tunakipakulia ugali wageni wakija, nacho kinafanya kazi yake vizuri sana.