Mwezi Mmoja wa Mapatano

Wenzangu, mimi nasoma shule ya misheni, lakini hupenda kupanda kilima cha Kibuli pamoja na rafiki yangu Mwislamu. Tukikaa karibu na msikiti huzungumza habari za vita vya mwaka 1888.

Mwezi wa Septemba ilisikika kwamba Kabaka Mwanga anakusudia kuwaacha wafuasi wa dini mpya kisiwani wafe njaa. Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti wakaungana, wakamtoa, wakamtawaza nduguye Kiwewa. Ukatikiro akapewa Nyonyintono, Mkatoliki. Vyeo vilipogawanywa, kila chama kikahesabu fungu la mwenzake. Tarehe 12 Oktoba Waislamu wakawashambulia Wakristo, nao wakakimbilia Ankole. Kiwewa akakataa kutahiriwa; kabla ya mwezi kwisha, Kalema alikuwa amekalia kiti chake.

Kalema alipokufa, Mbogo aliwaongoza Waislamu; mwanawe, Badru Kakungulu, ndiye aliyetoa ardhi ya Kibuli.

Wazee wetu walipatana nani atoke; hawakupatana nani aingie. Sisi tunaochagua viranja, tulikumbuke jambo hilo kabla ya kupiga kura, si baada yake.