Mbwa Asiyefungwa Kamba: Ukanda wa Umeme na Malezi ya Zizini

Kibakwe ni mji mdogo wilayani Mpwapwa, mkoani Dodoma, pembezoni mwa milima ya Rubeho. Huko, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya uwanda wa kati wa Tanzania, mbwa wa mfugaji hafungwi kamba. Asubuhi hutoka pamoja na mbuzi na ng'ombe, akashinda nao malishoni, na jioni akarejea nao zizini. Mahindi yanapokomaa hutumika kuwafukuza nyani na ngedere. Usiku huwabwekea fisi. Mbwa aliyefungwa mnyororo mchana kutwa hawezi kufanya hata moja kati ya kazi hizo.

Hata hivyo, uhuru huo una sharti lake. Mbwa akimng'ata mbuzi wa jirani huzuka ugomvi, fidia hudaiwa, na aghalabu mbwa mwenyewe huuawa. Akimwacha mchungaji, ambaye mara nyingi ni mtoto, ili amfukuze sungura hadi ng'ambo ya kilima, kundi hubaki bila mlinzi. Swali la kisayansi basi ni hili: mbwa aliye umbali wa mita mia mbili, ambaye mkono haumfikii wala kamba haimshiki, huzuiwa na nini?

Katika nchi za viwanda swali hilo limejibiwa na wengine kwa chombo. Tangu miaka ya mwisho ya 1960 wawindaji wa Marekani walianza kuwafunga mbwa wao shingoni ukanda wenye mtambo wa umeme, ili waweze kuwaadhibu wakiwa mbali. Siku hizi chombo hicho ni chepesi, kinauzwa kwa wingi, na wenye kukiuza hukisifu kwamba ndicho kinachompa mbwa uhuru wa kwenda bila kamba. Sifa hiyo inastahili kupimwa.

Namna ukanda unavyofanya kazi

Mwenye mbwa hushika mkononi kifaa cha kurushia mawimbi ya redio. Ukanda ulio shingoni mwa mbwa una kipokezi cha mawimbi hayo, betri ndogo, na ncha mbili za chuma zinazogusa ngozi. Kitufe kinapobonyezwa, umeme wa betri, ambao ni wa volti chache tu, hupandishwa na kutolewa kwa mapigo mafupi mno. Mkondo hupita baina ya ncha hizo mbili, katika ngozi na misuli ya shingo. Haukusudiwi kuua. Unakusudiwa kumchoma au kumshtua mnyama, kwa kiasi kinachochaguliwa na mwenye kitufe.

Kiasi hicho ni kipi hasa? Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza walichapisha vipimo vya kanda za namna hii. Waligundua kwamba kilele cha volti hubadilika sana kufuatana na ukinzani wa shingo ya mbwa: pale ukinzani ulipokuwa omu 500,000 kilele kilifika volti 6,000, na pale ulipokuwa omu 5,000 kilikuwa volti 100. Mwanafunzi anayeifahamu kanuni ya Ohm na achukue kalamu. Volti 6,000 zikigawanywa kwa omu 500,000 hutoa ampea 0.012, volti 100 zikigawanywa kwa omu 5,000 hutoa ampea 0.02. Volti zimetofautiana mara sitini, lakini mkondo haujatofautiana hata mara mbili. Tena kilele kile kikubwa hudumu kwa sehemu chache tu za milioni moja za sekunde. Kwa hiyo mtu anayetishwa na tarakimu ya volti 6,000 peke yake hajaielewa fizikia yake, na mtu anayetulizwa na udogo wa betri hajaielewa pia.

Jambo lenye maana zaidi ni kwamba namba iliyoandikwa kwenye kifaa si kipimo cha maumivu. Ukavu wa ngozi, wingi wa manyoya na jinsi ukanda ulivyokazwa vyote hubadili kinachomfikia mbwa. Mbwa anayepita katika nyasi zenye umande mwezi Februari si sawa na yuleyule anayepita katika vumbi la Septemba. Kuhusu mawimbi ya redio, milima huyazuia: mbwa aliyekwisha kuvuka kilima anaweza asipate ishara yoyote, naye huyo ndiye hasa aliyekusudiwa kurudishwa.

Maumivu yanamfundisha mbwa nini?

Tangu E. L. Thorndike alipochapisha mwaka 1898 majaribio yake ya paka waliofungiwa katika masanduku, imefahamika kwamba mnyama hujifunza kutokana na matokeo ya vitendo vyake. Kitendo kinachofuatwa na jambo la kupendeza hurudiwa. Kinachofuatwa na jambo la kuchukiza hupungua. Lakini mbwa hafahamu kitufe ni nini. Yeye hufahamu kwamba maumivu yamekuja, na huyahusisha na kile kilichokuwa mbele ya macho au pua yake wakati ule. Kama kilikuwa mbuzi anayekimbizwa, atajifunza kuogopa kukimbiza mbuzi. Kama wakati uleule aligeuka akamtazama mtoto wa jirani, anaweza kujifunza jambo jingine kabisa, na la hatari.

Umuhimu wa wakati ulionekana wazi katika jaribio la Hannover, Ujerumani, lililochapishwa mwaka 2007. Mbwa 14 wa aina ya beagle waligawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipigwa umeme pale tu mbwa alipogusa sungura wa bandia. La pili, mbwa alipokosa kutii wito aliokwisha kufundishwa. La tatu, wakati wowote bila mpango. Watafiti walipima kotisoli, homoni inayoongezeka mwilini mwa mnyama mwenye wasiwasi. Kundi la kwanza halikuonyesha ongezeko kubwa wala la kudumu. La tatu liliongoza, na la pili likafuatia. Umeme uliowapata ni wa namna ileile. Kilichotofautiana ni kama mbwa aliweza kuelewa umetoka wapi na jinsi ya kuukwepa.

Na asipoelewa kabisa? Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Martin Seligman na Steven Maier walionyesha kwamba mbwa waliopigwa umeme wasioweza kuukwepa, hata walipowekwa baadaye mahali pa kuruka na kujiokoa, wengi wao walilala chini wakauvumilia. Majaribio hayo yalikuwa ya kikatili, na leo si rahisi kuruhusiwa. Lakini mtu anayebonyeza kitufe kwa hasira, huku amechelewa sekunde kadhaa, anayarudia bila kujua, na mbwa wake mnyonge humdhania kuwa ni mbwa mtiifu.

Uholanzi nako, mwaka 2004, watafiti waliwachunguza mbwa wa ulinzi wa aina ya German Shepherd waliofunzwa kwa umeme. Mbwa hao walionyesha dalili za hofu zaidi ya wenzao waliofunzwa bila umeme, hata walipokuwa matembezini nje ya uwanja wa mafunzo. Walikuwa wamejifunza kwamba kuwapo kwa bwana wao, pamoja na amri zake, ni ishara ya maumivu.

Hapa msomaji asidhani kwamba ushahidi wote umeelekea upande mmoja. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, walitoa matokeo ya mbwa 63, wengi wao wakiwa na tabia ya kutoroka au kusumbua mifugo walipoachwa bila kamba. Mbwa 21 walifunzwa kwa ukanda wa umeme. 21 walifunzwa na walimu walewale bila umeme. Na 21 walifunzwa na walimu wanaotegemea tuzo. Hao wa mwisho ndio waliotii upesi zaidi na kwa amri chache zaidi. Lakini mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona State walijaribu mbwa 19 waliozoea kufukuza chambo kinachovutwa kwa kasi. Waliofungwa ukanda wa umeme waliacha kufukuza baada ya mafunzo ya siku chache, ingawa walilia kwa maumivu. Waliofunzwa kwa chakula, kwa muda uleule, hawakuacha.

Matokeo hayo mawili hayapingani sana kama inavyodhaniwa. Jaribio la kwanza lilipima utii kwa jumla. La pili lilipima kukomesha kitendo kimoja kwa haraka. Umeme unaweza kumwambia mbwa "usifanye hili". Hauwezi kumwambia afanye nini badala yake, na mchungaji anahitaji mbwa mwenye kujua la kufanya. Wales ilikataza kanda hizi mwaka 2010, na mwaka 2006 mahakama kuu ya masuala ya utawala ya Ujerumani iliamua kuwa kuzitumia ni kinyume cha sheria. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Malezi yaliyotangulia chombo

Wafugaji wa sehemu nyingi za dunia walilijibu swali la mbwa wa mbali zamani sana, nao walianzia kwenye umri wa mtoto wa mbwa. Charles Darwin, alipopita Uruguay mwaka 1833, alistaajabia mbwa waliolinda makundi makubwa ya kondoo wakiwa peke yao. Alielezwa kwamba mtoto wa mbwa hutenganishwa na mama yake akiwa mchanga, hunyonyeshwa na kondoo mara tatu au nne kwa siku, hutandikiwa sufu zizini, na hazuiwi kitu isipokuwa kucheza na mbwa wenzake na watoto wa nyumbani. Akikua, huwahesabu kondoo kuwa jamaa zake.

Sababu yake ilikuja kufahamika karne ya 20. J. P. Scott na J. L. Fuller, waliofanya kazi Bar Harbor, Marekani, walieleza katika kitabu chao cha mwaka 1965 kwamba mbwa ana kipindi maalumu cha kujifunza nani ni mwenzake, tangu wiki ya tatu hadi kama ya kumi na mbili. Watoto wa mbwa waliowekwa bila kuonana na binadamu hadi wiki ya 14 walikuwa kama wanyama wa porini. Kwa kanuni hiyohiyo, mtoto wa mbwa anayelala na mbuzi katika wiki hizo hupata uhusiano ambao hakuna chombo kinachoweza kuufunga shingoni baadaye. Namibia imeutumia ujuzi huo tangu mwaka 1994: wafugaji hupewa mbwa wakubwa wa asili ya Uturuki waliolelewa na mifugo, ili duma wasiue mbuzi na wafugaji wasiue duma.

Kosa la kawaida, basi, ni kumwacha mtoto wa mbwa nyumbani jikoni miezi sita, kisha kumpeleka malishoni kwa mara ya kwanza na kushangaa anapowaona mbuzi kuwa windo.

Kuhusu mafunzo ya wito na kazi maalumu, mfano ulio karibu uko upande wa pili wa Rubeho. Mjini Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku tangu mwaka 2000 kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na baadaye vimelea vya kifua kikuu katika makohozi. Hawapigwi umeme. Panya akinusa sawasawa husikia mlio mfupi wa kidude, kisha hupewa kipande cha ndizi au karanga. Mlio huo ndio siri ya kazi: hufika papo hapo, wakati chakula huchelewa. Panya Magawa, aliyezaliwa Morogoro mwaka 2013, aligundua mabomu ya ardhini 71 nchini Kambodia kwa njia hii.

Mwalimu anaweza kuionyesha kanuni hii darasani bila mnyama yeyote. Mwanafunzi mmoja atoke nje. Wenzake wachague kitendo, kwa mfano kugusa dirisha. Arudipo, wapige kofi moja kila anapokaribia kitendo hicho. Mara nyingi atakipata upesi. Kisha mchezo urudiwe na mwanafunzi mwingine, lakini kila kofi licheleweshwe sekunde tano. Darasa lihesabu dakika katika kila zamu, na wachore jedwali.

Kijana wa Kibakwe mwenye mbwa wa miezi mitatu anaweza kuanza kwa mluzi na vipande vya ugali mkavu. Apige mluzi mbwa akiwa hatua mbili, ampe tuzo papo hapo, na aongeze umbali kidogo kidogo. Akifika hatua kumi amfunge kamba ndefu, nyepesi, inayoburuzika, si ya kumvuta kwa nguvu bali ya kumzuia asijifunze kwamba kutoroka kuna faida. Asimwite kamwe kwa ajili ya kumchapa. Mbuzi wawepo kwanza kwa mbali, kisha karibu. Kamba ifunguliwe mbwa anapoitikia mluzi hata sungura akiwa anakimbia mbele yake, na kwa mbwa wengi hilo huchukua miezi. Chanjo ya kichaa cha mbwa itangulie yote hayo, maana mbwa anayezurura bila kamba hukutana na mbwa wengine na wanyama wa porini ambao hakuna aliyewachanja.