Kumbukumbu za Kazi na Safari Iliyokoma: Njia ya Meli ya Kigoma–Bujumbura Mbele ya Mwambao wa Kabonga na Rumonge

Ikisiri

Safari za abiria za meli ya MV Liemba kati ya Kigoma na Bujumbura zilikoma katika miaka ya 1990, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Burundi. Makala haya yanaeleza kwa nini kumbukumbu za watu waliofanya kazi katika njia hiyo zinapaswa kuchukuliwa kuwa chanzo cha maarifa ya utendaji, na si masimulizi ya kuitamani zamani tu. Yanabainisha aina ya maarifa yaliyomo, namna ya kuyapima, na manufaa yake kwa wapangaji wa usafiri wa ziwani. Hoja kuu ni kwamba maarifa hayo yanaweza kutoweka kabla njia yenyewe haijafunguliwa upya.

1. Utangulizi

Kabonga ni kituo cha mpakani kilichopo kusini mwa Nyanza-Lac, pale ambapo mwambao wa Burundi unapakana na ule wa Tanzania. Upande wa pili wa mpaka kipo kijiji cha Kagunga, kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Meli iliyotoka Kigoma kwenda Bujumbura ilipita mbele ya Kagunga, Kabonga, Nyanza-Lac na Rumonge. Leo watu wa mwambao huo hutegemea barabara na boti za mbao zenye injini.

Huduma ya usafiri inapofungwa hubaki vitu viwili: chombo na watu waliokiendesha. Chombo hupata watetezi kwa urahisi, kwa kuwa kinaonekana na kinapigwa picha. Waliokiendesha huonekana kama sehemu ya mapambo ya simulizi: huulizwa kuhusu fahari ya meli, lakini ni nadra kuulizwa walivyoifanya kazi yao. Hali hii haiko katika Ziwa Tanganyika pekee. Huko Coney Island, New York, viwanja vya burudani vilivyovuma katika karne ya 20 vilifungwa kimoja baada ya kingine, na mitambo mingi ya kubembeza na kuzungusha watu ikabomolewa. Mradi wa historia simulizi ulioanzishwa huko mwaka 2004 umewahoji pia watu waliofanya kazi katika viwanja hivyo. Mtambo ukishabomolewa, anayeweza kueleza ulivyoendeshwa ni yule aliyeushika kwa mikono yake.

2. Chombo, wamiliki na kufungwa kwa njia

Liemba iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, ikiitwa Graf von Goetzen. Ilifunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa ndani ya makasha hadi Dar es Salaam na kisha kwa reli hadi Kigoma, ambako ilishushwa majini mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi, baada ya kuipaka mitambo yake grisi ili isiharibike. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Injini zake za mvuke zilibadilishwa kuwa za dizeli katika miaka ya 1970.

Umiliki wake ulibadilika mara kadhaa. Ilisimamiwa na shirika la reli la Tanganyika, kisha kuanzia 1948 na shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki. Baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977 ilikwenda kwa Shirika la Reli Tanzania, na mwishoni mwa miaka ya 1990 ikawa chini ya kampuni ya meli ya serikali, MSCL. Kwa upande wa Ubelgiji, mkataba wa 1921 uliipa nchi hiyo maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma, yaliyojulikana kama Belbase, kwa ajili ya shehena za Kongo na Ruanda-Urundi. Kwa hiyo karatasi za njia moja ziliandikwa katika ofisi nyingi na katika Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili. Kila ofisi ilipobadilika, uwezekano wa kuisoma historia ya njia hiyo mahali pamoja ulipungua.

Vita vilivyoanza baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mnamo Oktoba 1993, na vikwazo ambavyo nchi jirani ziliiwekea Burundi kuanzia Julai 1996 hadi Januari 1999, vilivuruga usafiri wa ziwani. Mkataba wa Arusha ulitiwa saini Agosti 28, 2000, lakini safari ya kawaida ya abiria ya Liemba kwenda Bujumbura haikurudi katika hali yake ya awali. Meli iliendelea na njia ya kusini hadi Mpulungu, Zambia, mpaka ilipoondolewa kwa matengenezo mwishoni mwa miaka ya 2010.

3. Kilichomo ndani ya kumbukumbu za kazi

Maarifa ya wafanyakazi hao yanaweza kugawanywa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni upakiaji pasipo gati. Vijiji vingi vya Ziwa Tanganyika havina gati. Meli husimama mbali kidogo na ufuko, na boti za kijijini huileta na kuipokea jamii nzima ya wasafiri pamoja na mizigo yao. Kazi hiyo ina utaratibu wake: nani atangulie kushuka, boti ngapi ziruhusiwe ubavuni kwa wakati mmoja, na mzigo upangwe vipi ili meli isilalie upande mmoja. Mengi ya hayo hujifunzwa kwa kutenda na kusahihishwa.

Thamani yake ilidhihirika Mei 2015. Makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko ya kisiasa walikusanyika Kagunga, na kipindupindu kikazuka miongoni mwao. Liemba, yenye nafasi ya abiria wapatao 600, ilitumwa kuwahamisha kwenda Kigoma. Kwa kuwa Kagunga haikuwa na gati, wakimbizi walifikishwa melini kwa boti ndogo, kwa namna ileile ambayo kijiji kisicho na gati huhudumiwa siku za kawaida. Ujuzi wa safari za kila siku ndio uliotumika katika dharura.

Kundi la pili ni ujuzi wa ziwa lenyewe. Upepo wa kusi huvuma kwa nguvu takriban kuanzia Mei hadi Septemba. Usawa wa maji nao haukai mahali pamoja: ulipanda sana mwaka 1964, na kati ya 2020 na 2024 ulipanda tena na kufurika makazi na miundombinu ya mwambao wa Burundi. Mfanyakazi wa siku nyingi, au aliyefundishwa na mtangulizi wake, anaweza kuonesha mahali ambapo boti ziliweza kufika ufukoni katika hali tofauti za maji.

Kundi la tatu ni mahusiano ya watu. Kiswahili kiliwaunganisha mabaharia, wachukuzi, wafanyabiashara na maofisa wa forodha wa nchi mbili, huku Kirundi na Kiha, lugha zinazoelewana kwa kiasi kikubwa, zikitumika kando yake. Kumbukumbu za bidhaa, mfano mawese ya Rumonge na dagaa, zinaweza kueleza mtandao wa biashara ndogo ambao takwimu za shehena hazikuulenga.

4. Namna ya kuuliza na kupima

Jan Vansina, aliyekusanya masimulizi nchini Burundi na kuchapisha kitabu juu yake mwaka 1972, alitenganisha ushuhuda wa aliyeshuhudia na mapokeo yanayorithishwa. Tofauti hiyo ni muhimu hapa: baharia anayeeleza zamu yake si sawa na mjukuu anayeeleza sifa za meli. Alessandro Portelli naye alionesha kwamba wafanyakazi wa Terni, Italia, walikisogeza kifo cha mwenzao Luigi Trastulli kutoka 1949 hadi 1953, wakakiunganisha na mgomo wa kupinga kuachishwa kazi. Kosa la tarehe halikuubatilisha ushuhuda; lilifichua maana ambayo tukio hilo lilikuwa nayo kwao.

Kutokana na hayo, maswali yafuate hatua za kazi: kutoka kung'oa nanga hadi kufunga hesabu za mizigo. Mhojiwa asikilizwe peke yake kwanza, kisha pamoja na wenzake, na maelezo yalinganishwe na daftari za safari pale zinapopatikana. Wachukuzi na waendesha boti za vijijini wahojiwe pia, ingawa hawakuwa na barua za ajira.

Tahadhari moja ni ya lazima. Machafuko ya 1972 yalianza Aprili 29 katika maeneo ya Rumonge na Nyanza-Lac, yakafuatwa na mauaji makubwa na wimbi la watu waliokimbilia Tanzania. Ardhi za wengi wao zilichukuliwa na wengine, na waliporejea miongo kadhaa baadaye migogoro ilizuka. Swali jepesi kama "nani alisafiri?" linaweza kugusa msiba au shauri la ardhi. Mtafiti anapaswa kuheshimu ukimya wa mhojiwa na kuyaficha majina.

5. Maana yake kwa sera

Mijadala ya sasa ya usafirishaji inaelekea zaidi kwenye shehena kubwa. Mkataba wa ujenzi wa reli ya Uvinza–Musongati ulitiwa saini Januari 2025. Reli hiyo itapita bara na haitachukua nafasi ya huduma ya abiria kwa vijiji vya ufukoni. Hivyo swali la meli ya mwambao litaendelea kuwapo, na wapangaji watahitaji majibu kuhusu vituo, boti za kupokelea abiria na usalama wa upakiaji.

Hatua tatu zinafaa. Kwanza, ukusanyaji wa kumbukumbu utangulie usanifu wa gati na ratiba, badala ya kuufuata. Pili, wastaafu washirikishwe kama washauri wanaolipwa. Tatu, nakala za rekodi na maandishi yake ya Kiswahili zihifadhiwe Tanzania na Burundi, ili nchi zote mbili ziweze kuzitumia.

6. Hitimisho

Kijana aliyeajiriwa melini mwaka 1990 akiwa na umri wa miaka 25 alifikisha 60 mwaka 2025, umri wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma Tanzania. Waliomfundisha kazi ni wazee zaidi yake, na baadhi yao hawapo tena. Meli inaweza kukarabatiwa kwa bajeti ya mwaka wowote. Ujuzi wa kuipokea mbele ya kijiji kisicho na gati hauna bajeti itakayourudisha baada ya wenye nao kuondoka.