Si Kila Yangeyange Ni Yuleyule

Swali ninaloulizwa kuliko yote na watu wanaoanza kutazama ndege ni hili: "Nimemwona ndege mweupe, ni ndege gani?" Kwa maelezo hayo siwezi kujibu. Pwani kwetu na kwenye mabonde ya mpunga wapo ndege weupe wa aina kadhaa, wote wana shingo ndefu na miguu mirefu, na wote tunawaita yangeyange. Rangi ndiyo inayovuta jicho kwanza, na ndiyo inayomponza mwanafunzi.

Nawapenda yangeyange kwa somo la kwanza. Hawadai kiingilio cha hifadhi, hawajifichi kwenye majani, na husimama tuli muda wa kutosha kukaguliwa.

Anza na yule anayefuata ng'ombe. Ni mfupi, kama nusu mita hivi, shingo imezama mabegani, na chini ya mdomo manyoya yamejaa utadhani ana kidevu. Mdomo wenyewe ni mfupi, wa manjano. Hutembea karibu kabisa na kwato, akidaka panzi wanaokurupuka ng'ombe anapokanyaga majani. Msimu wa kuzaa ukifika, utosi, kifua na mgongo hupata rangi ya chungwa iliyofifia, na hapo wengi hudhani wamepata ndege mpya. Ni yuleyule.

Sasa shuka ufukweni maji yakiwa yamekupwa, tuseme Kunduchi, kando ya mikoko. Pale utamkuta yangeyange mdogo. Huyu ni mwembamba, shingo imenyooka, na mdomo wake ni mweusi, mrefu, umechongoka kama shazia. Miguu nayo ni myeusi. Subiri kidogo, usiondoe jicho. Akiinua unyayo kutoka kwenye tope, vidole vyake ni vya manjano! Nilikuwa na kijana mmoja ambaye alimtazama ndege huyu kwa robo saa bila kuona lolote, hadi unyayo ulipotoka majini akapaza sauti: "Kavaa soksi!" Tangu siku hiyo hajamkosea tena. Na vidole hivyo vina kazi: huvitikisa ndani ya maji ya kina kifupi, tope likatibuka, samaki wadogo na uduvi wakatoka walikojificha, naye akachoma. Ukimwona ndege mweupe anachezesha mguu namna hiyo, umeshapata nusu ya jibu kabla ya kuona rangi ya kidole.

Yangeyange mkubwa hukaribia mita moja kwa urefu, na shingo yake ina kipindo kama kiwiko cha mkono. Mdomo wake huwa wa manjano, lakini wakati wa kuzaa hugeuka mweusi, kwa hiyo hata rangi ya mdomo usiiamini peke yake. Mtazame kwenye pembe ya kinywa. Ule mstari wa mdomo hupita chini ya jicho ukaenda hadi nyuma yake. Yupo mwingine anayefanana naye, mdogo kidogo kuliko yeye, ambaye mstari huo hukomea chini ya jicho. Hapo ndipo darubini inapodaiwa.

Kisha kuna yule anayeivunja kabisa hoja ya rangi. Katika mwambao wetu na Madagaska anaishi yangeyange ambaye wengine ni weupe pe, na wengine ni wa kijivu kilichokoza karibu na weusi. Wawili hao wanaweza kusimama mwamba mmoja, nao ni aina moja. Jina lake la kisayansi, Egretta dimorpha, linatamka hivyohivyo: mwenye maumbo mawili. Baadhi ya wataalamu humhesabu kuwa tawi la yangeyange mdogo, na yule mweupe hutuchukua muda hata sisi tuliozoea.

Kwa hiyo nawashauri wanaoanza wageuze mpangilio. Kwanza ukubwa, na kipimo tunacho mitaani: ni sawa na shomoro, na tetere, au na kunguru? (Kunguru wa Dar es Salaam mwenye shingo ya kijivu ni mgeni, alipelekwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, mwenyeji ana kifua cheupe na ni mkubwa zaidi.) Halafu umbo, mdomo, miguu, mahali alipo na anachofanya. Rangi ije mwisho, na uiandike ilipo: utosini, kifuani, chini ya mkia. "Ana manjano" haitoshi.

Andika yote hayo kabla hujafungua kitabu. Ukifungua mapema, picha itakuambia ulichoona, nawe utaikubali. Kitabu cha Terry Stevenson na John Fanshawe kilichotoka mwaka 2002 kina aina zaidi ya 1,300 za Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, na anayeanza huzama humo. Anza na ramani: ndege asiyefika kwenu muweke kando. Darubini nayo, chukua inayokuza mara 8. Ile ya mara 20 ukiishika mkononi hutikisika, na ndege haonekani.

Kama darubini bado huna, usingoje. Jumamosi hii chukua daftari na penseli, nenda kwenye zizi la jirani au ufukweni maji yakikupwa, ukamtazame yangeyange mmoja tu kwa dakika 10. Mtazame miguu.