Gari za umeme: wakubwa waweke pesa, lakini waanze na ndogo

Ukisimama saa moja tu pale Makobola, kwenye barabara ya taifa namba 5 inayotoka Uvira kwenda Baraka, utaona kazi ya kampuni kubwa za gari ikipita mbele yako. Kuna Toyota zilizomaliza ujana wao Japani ao Bulaya. Kuna Fuso zenye mifuko ya muhogo mpaka juu. Katikati yao kuna moto za TVS na Boxer, zenye kubeba mama, mtoto na beseni ya ndagala. Gari karibu zote zilitufikia zikiwa zimekwisha kutumika na wengine. Njo maana mabishano ya Tokyo, Detroit na Wolfsburg yanatuhusu. Kile ambacho Toyota, Ford na Volkswagen wanaamua leo, sisi tutakipanda kisha miaka kumi na tano.

Mabishano yenyewe ni haya: je, hizi kampuni za zamani zimwage pesa nyingi katika gari za umeme, ao zingojee kwanza?

Wenye kusema «ngojeni»

Hawakosi hoja. Angalia Ford. Sehemu yake ya gari za umeme ilipoteza dolari miliari 4,7 mwaka 2023, na miliari 5 hivi mwaka 2024. Desemba 2025 kampuni ikatangaza kwamba inafuta karibu miliari 19,5 katika hesabu zake, na kwamba kamionete yake kubwa ya umeme, F-150 Lightning, haitaendelea vile ilivyokuwa. Hizo ni pesa za kufilisisha mtu.

Toyota nayo ina hesabu yake. Inasema madini yanayoingia katika batri ya gari moja ya umeme yenye kwenda mbali yanatosha kutengeneza gari 6 za kuchomeka zenye moteri mbili, ao gari 90 za hibridi za kawaida kama Prius, iliyotoka 1997. Kwa hiyo, inasema, afazali madini machache yasaidie watu wengi. Hesabu hiyo si ya mchezo. Lakini inasahau kitu kimoja: hizo gari 90 zote zitaendelea kunywa esansi.

Na esansi, huku kwetu, ni habari kubwa. Motari wa Makobola hatakuuliza kama dunia inapata joto. Atakuuliza: leo litre iko bei gani Uvira? Burundi ilipokosa mafuta, bidoni zilivuka Kavimvira kwenda Bujumbura, na bei ya Uvira ikapanda. Ikipanda Uvira, inapanda Makobola, Swima na Mboko, na mwenye kulipa ni mama anayepeleka samaki sokoni.

Soko halingojei mtu

Mwaka 2024 gari zaidi ya milioni 17 za umeme ziliuzwa duniani, ukihesabu pamoja na zile za moteri mbili zenye kuchomekwa. Ni zaidi ya gari 1 kati ya 5 mpya. Nyingi kati ya hizo ziliuzwa China. Kule BYD, iliyoanza 1995 ikitengeneza batri, haikuwa na haya ya kuanza na kitu kidogo. Mwisho wa 2023 ikaipita Tesla katika kuuza gari za umeme mtupu.

Tena kuna serikali. Januari 2024 Ethiopia ilikataza kuingiza gari ndogo za esansi na mazutu. Haikufanya hivyo ju ya kupenda mazingira tu: ilichoka kutumia dolari kununua mafuta wakati mito yake inatoa umeme. Mwenye kiwanda asiye na gari ya umeme ya bei nafuu alifungiwa mlango siku moja. Nani anaweza kumhakikishia kwamba nchi nyingine haitafuata?

Basi kungojea si usalama. Kosa la Ford halikuwa kuweka pesa. Kosa lilikuwa kuziweka katika gari kubwa, ya bei kubwa, yenye batri kubwa.

Hesabu ya pano tatu

Tufanye hesabu ya kijijini. Pano moja ya watt 300, ikipata jua zuri saa tano, inatoa kilowati-saa 1,5 hivi kwa siku. Batri ya moto ya umeme inataka karibu 3: pano mbili zinatosha, na ya tatu ni ya siku ya mawingu. Nissan Leaf za kwanza, zilizotoka Desemba 2010, zilikuwa na batri ya 24: hapo unahitaji pano 16. F-150 Lightning yenye batri ya chini ilikuwa na 98. Ni pano 65, kwa siku moja ya kujaza gari moja! Kwa fasi ambayo taa na simu vinategemea jua, ujue hiyo gari haitafika kwetu, hata kama watatupa bure.

Kigali ilituonyesha somo hilo waziwazi. Oktoba 2019 Volkswagen pamoja na Siemens walileta pale e-Golf 4 za kujaribu, na kituo cha kuchaji. Kisha mwaka mmoja hivi, Volkswagen ikaacha kutengeneza e-Golf kabisa. Mwaka uleule wa 2019, kampuni changa ya Ampersand ilianza na motari: wanafika na batri iliyokwisha, wanapewa iliyojaa, wanaendelea na kazi bila kungoja. Tangu Januari 2025, moto mpya ya kubeba abiria Kigali haiandikishwi kama si ya umeme. Mkubwa alikuja na gari nzuri. Mdogo alikuja na dawa ya shida ya motari.

Ford yenyewe inaonekana imeelewa. Agosti 2025 ilitangaza kamionete ndogo zaidi ya umeme, ya dolari 30.000 hivi, inayongojewa 2027. Batri yake ni ya chuma na fosfati, isiyo na kobalti.

Na kobalti yetu?

Hapo njo mkongomani anapaswa kukaza masikio. Congo inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani. Bei ilipoanguka, Leta ilisimamisha kuiuza inje Februari 2025, kisha Oktoba ikaweka kiasi maalumu cha kutosha kutoka. Ni haki yake. Lakini mwaka 2024 karibu nusu ya batri za gari za umeme duniani zilikuwa za chuma na fosfati. Tusijidanganye kwamba bila sisi hakuna batri. Tukingoja sana, tutakuwa tumeuza mawe na kukosa vyote, pesa na umeme.

Kinachotungojea

Jibu letu basi ni: ndiyo, waweke pesa, na waweke nyingi. Lakini ziende katika batri ndogo, moto na kamionete ngumu ya barabara ya vumbi na matope, na katika batri ambayo fundi wa Uvira anaweza kuifungua na kubadilisha kipande kimoja kilichokufa.

Kama hawatafanya hivyo, ujue kitakachotufikia. Leaf za kwanza hazina mashini ya kupoza batri kwa maji, na joto linazichosha haraka. Gari ya namna hiyo, ikiwa imezeeka, itaingia kwetu kwa bei ya chini, ipendeze macho, na izime kabla ya kufika Baraka.

Leta nayo ina kazi yake. Ruzizi III, ya megawati 206 kwa Burundi, Congo na Rwanda, imesemwa miaka mingi sana. Mpakani ipimwe nguvu ya batri kabla gari haijalipiwa kodi, na vijana wa garaji wafundishwe kazi hiyo mapema. Gari za umeme zitakuja, tupende tusipende. Zikitukuta hatujajipanga, Makobola itakuwa jalala la batri za wengine.