Uyoga wa gogo: tuugeuze kabla ya kupika

Wamama, mvua ikinyesha huku Kisangani, magogo ya mashambani yanajaa uyoga. Sisi tunaugeuza kwanza, tuone upande wa chini. Ule mdogo mweupe-kijivu, wenye manyoya juu, una mistari iliyopasuka katikati kwa urefu. Wataalamu wanauita Schizophyllum commune. Jua likiwaka mistari hujikunja, mvua ikirudi hufunguka. Huliwa, lakini ni mgumu, unataka moto mrefu. Ule wa kahawia, laini kama sikio, hauna mistari hata kidogo.

Uyoga msioujua, uacheni kwenye gogo. Kuna sumu ya uyoga isiyoisha kwa kuchemsha, na tumbo linaweza kuanza kuuma saa 6 au zaidi baada ya kula, sufuria imekwisha kuoshwa. Mtoto akitapika, mpelekeni kituo cha afya pamoja na kipande cha uyoga uleule.