Samaki wa Tangini (2): Wapatane Maji, Watofautiane Maisha

Wiki iliyopita tulimaliza habari za tangi lenyewe: kioo, chujio, mchanga na mahali pa kuliweka. Leo tunafika kwenye swali linaloulizwa kabla ya mengine yote na kila anayetaka kufuga samaki wa mapambo: samaki gani wanaweza kukaa pamoja? Majibu ya kawaida hutazama tabia. Huyu mpole, yule mkali, huyu usimweke na yule. Majibu hayo si ya uongo, ila yanaanzia katikati ya safari. Hoja yangu ni kwamba mapatano ya samaki yana ngazi mbili, na ya kwanza ni kati ya samaki na maji, si kati ya samaki na samaki. Wanaokaa tangi moja lazima wafanane katika maji wanayoyataka. Baada ya hapo, kadiri wanavyotofautiana katika mengine, yaani mdomo, rangi, chakula na mahali pa kulala, ndivyo watakavyokaa kwa amani. Wengi tunafanya kinyume chake: tunachanganya samaki wa maji tofauti kwa sababu wanapendeza, kisha tunawakusanya wanaofanana tukidhani ndugu hawagombani.

Unguja ni kisiwa cha mawe ya matumbawe. Mvua ikinyesha huchukua hewa ukaa angani na udongoni, ikawa na asidi kidogo, na inapopenya chini huyayeyusha mawe hayo polepole. Kwa hiyo maji ya kisima anayoyateka mkaazi wa Tunguu au wa maweni ya mashariki yamebeba chokaa, ile ile ambayo wazee waliichoma tanurini wakajengea nyumba za Mji Mkongwe. Kulijua hilo hakuhitaji maabara. Utando mweupe ndani ya birika na sabuni inayokataa kutoa povu vinatosha kuwa ushahidi. Maji ya namna hii huitwa maji magumu, na kwa kipimo cha pH, ambacho 7 ni katikati, yako upande wa juu. Visima vya karibu na pwani huongeza na munyu.

Sasa linganisha na Rio Negro, tawi kubwa la Mto Amazon, wanakotoka tetra aina ya kadinali na baadhi ya diskasi, samaki wanaotamaniwa sana kwa rangi zao. Maji yake ni meusi kama chai ya rangi, karibu hayana chokaa, na pH yake ni kati ya 4 na 5. Kila hatua moja ya kipimo hicho ni tofauti ya mara kumi. Kutoka 5 mpaka 8 ni mara elfu. Ziwa Tanganyika, kwa upande mwingine, lina maji magumu yenye pH inayokaribia 9. Kwa hiyo samaki wa Kigoma, aliye mbali na Unguja kwa upana mzima wa Tanzania, kwa maji yake ni jirani yetu wa karibu, na tetra wa Rio Negro ni mgeni hata akiuzwa sokoni Darajani.

Mtu atapinga, na ana haki, kwamba tetra aina ya neoni wanaouzwa leo karibu wote wamezalishwa kwenye mabwawa na matangi, hawajauona Mto Amazon, na wanaishi katika maji ya kila namna. Ni kweli, na samaki wa kuzalishwa huvumilia zaidi kuliko wa kuvuliwa. Lakini kuvumilia si kustarehe. Tazama mayai: mengi ya samaki wa maji laini hayaanguliwi katika maji magumu, hata pale ambapo wazazi wanaonekana wazima. Mwingine atasema tukinge maji ya mvua za masika, maana hayana chokaa. Hilo linawezekana kwa mwenye pipa kubwa na subira ya kupima. Ajue tu kwamba chokaa ndiyo inayoishikilia pH isiporomoke uchafu wa samaki unapozidisha asidi. Maji ya mvua matupu hayana mshikizi huyo, na mabadiliko ya ghafla huua haraka kuliko ugumu. Tena tangi linataka maji mapya kila wiki, pamoja na wiki zile za kipupwe ambazo mapaa ni makavu. Mimi naona ni nafuu kuchagua samaki kwa maji kuliko kutengeneza maji kwa ajili ya samaki.

Hata hivyo kufanana maji peke yake hakutoshi, na ushahidi mkubwa wa jambo hilo uko Ziwa Viktoria. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 sangara alipandikizwa humo. Maji yalimfaa kabisa, kama yalivyowafaa furu, wale samaki wadogo waliokuwamo kwa mamia ya aina. Kilichokosekana ni uwiano wa midomo. Ilipofika miaka ya 1980 sangara alikuwa ametanda ziwani, na watafiti walikadiria kwamba aina zipatazo 200 za furu zimetoweka au zimekaribia kutoweka, ingawa uchafuzi wa maji nao ulichangia. Tangini sheria ni hiyo hiyo: samaki humla anayeingia mdomoni mwake, na hakuna upole unaomzuia. Muuzaji humpima samaki kwa ukubwa wa siku ya kumuuza, ambapo mnunuzi anapaswa kumpima kwa ukubwa wa utu uzima. Samaki aina ya oska anayeuzwa akiwa na urefu wa kidole atafika sentimita 30.

Baada ya mdomo inakuja sura, na hapa ndipo mazoea yanapotupotosha zaidi. Ziwa hilo hilo lina furu wawili wanaokaribiana sana, Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake ni la buluu, na Pundamilia nyererei, ambaye dume lake lina wekundu, na ambaye alipewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985. Majaribio yameonyesha kwamba mara nyingi dume humshambulia zaidi dume wa rangi yake kuliko wa rangi nyingine. Mantiki yake iko wazi: anayefanana nami ndiye anayetaka mke wangu, pango langu na chakula changu. Kwa hiyo anayenunua madume manne mekundu ya ukubwa mmoja ili tangi lipendeze ananunua vita. Tena penye undugu wa karibu na pasipo ugomvi huzuka jambo jingine, la kuchanganya uzao. Mwaka 1960 mtaalamu wa samaki Hickling aliandika kuhusu majaribio ya Malacca, ambako perege waliotolewa Zanzibar, ambao asili yao ni Mto Wami huko bara, walizalishwa na perege wa Msumbiji. Watoto wakawa karibu wote madume. Kwa mfugaji wa samaki wa kitoweo hiyo ilikuwa bahati. Kwa anayetaka kuhifadhi aina safi nyumbani, ni kupotea kwa aina mbili kwa pamoja.

Mfano mzuri wa ujirani uko kwenye miamba ya Ziwa Tanganyika, ambako aina nyingi za samaki hukaa eneo moja dogo kwa sababu kila mmoja ameshika kazi yake. Tropheus hukwangua ukoga juu ya mawe. Julidochromis hukaa wawili wawili ndani ya nyufa. Cyprichromis huelea kwa makundi juu, mbali na mawe, wakila wadudu wadogo wa majini. Neolamprologus multifasciatus, ambaye hata dume lake halizidi sana sentimita 4, huishi na kuzaa ndani ya makombe matupu ya konokono yaliyotapakaa mchangani. Pamoja na hayo ziwa lina Perissodus microlepis, ambaye kazi yake ni kunyofoa magamba ya wenziwe, na midomo yao imepinda, wengine kushoto na wengine kulia, ili wavizie ubavu mmoja. Huyu naye ana kazi yake mahususi, lakini kazi hiyo ni mwili wa jirani. Basi tofauti tunayoitafuta ni ile ya mtu kula pake na kulala pake.

Limebaki suala la idadi, na maji yetu yanalifanya kuwa zito. Uchafu wa samaki hutoa amonia, na sumu yake hutegemea pH. Katika maji ya nyuzijoto 25, penye pH 7 sehemu yenye sumu kali haifiki asilimia 1. Penye 8 ni kama asilimia 5. Penye 9 ni zaidi ya theluthi. Uchafu ambao tangi la maji laini lingeustahimili, kwetu huua. Wapo wafugaji wa samaki wa miamba ya Ziwa Nyasa wanaosema kinyume, kwamba tangi lijazwe ili mkali asipate wa kumwonea peke yake. Mbinu hiyo hufanya kazi, ila imeegemea chujio lisilozimika. Unguja ilikaa bila umeme wa kebo ya baharini tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, na ingawa kebo mpya ilikuja baadaye, umeme bado hukatika. Tangi lenye samaki wachache hupitisha usiku bila pampu. Lililojaa hukosa hewa kabla ya alfajiri.

Kwa tangi la lita 300, basi, kundi moja la multifasciatus na makombe yao chini, jozi moja ya Julidochromis kwenye rundo la mawe upande mmoja, na Cyprichromis wanane juu, wanatosha na kubakiza nafasi. Mawe yetu ya matumbawe, yakisafishwa chumvi, yanafaa, na makombe ya konokono wadogo wa shamba yakichemshwa yanafaa pia. Asiyewapata samaki wa Kigoma atumie gapi na moli, ambao nao hustawi katika maji ya chokaa. Moli huvumilia hata munyu wa visima vya pwani. Dume mmoja kwa majike mawili au matatu, na asiwatie samaki wapiganaji wa Siam, ambao huyaona mapezi marefu ya gapi kuwa ni ya mpinzani.

Gapi huzaa sana, na watakaozidi wasimwagwe bondeni, wasije wakamdhuru mwenyeji wa huko. Katika madimbwi ya msimu ya Unguja anaishi Nothobranchius guentheri, aliyeelezwa kisayansi na Pfeffer mwaka 1893, ambaye kwa asili hapatikani kisiwa kingine chochote. Dume lake lina mkia mwekundu wenye ukingo mweusi. Dimbwi likikauka wazazi hufa wote, na mayai hubaki ndani ya tope yakisubiri mvua.